Uso Mzuri wa Dirisha la Kuku

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuuelekeza uso mzuri wa dirisha kwa watu na kuisahau mvua.

Mamangu hufuga kuku uani kwetu, Mji wa Kale, katika banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyuma. Banda hilo lilizibwa pande zote tangu paka wa mtaani walipowamaliza vifaranga, na kaskazi ikifika, ndani huwa tanuri. Kuku walikuwa wakihema midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mbavu. Siku moja mamangu aliinama akachungulia, akainuka akipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Mwanangu, si wewe wasema wajua useremala? Hebu watobolee hawa madirisha mawili kabla hawajanifia."

Useremala wangu niliusomea kwenye simu. Mchana mimi ni karani katika kampuni ya malori kule Shimanzi. Jioni hutazama video za watu nisiowajua wakipiga randa, nazirudisha nyuma, nazitazama tena, mpaka simu inazima mkononi. Sijawahi kukaa chini ya fundi yeyote, kwa sababu fundi angeniona nikikosea. Hilo nalikiri mapema, maana mengi ya hapa mbele yametokana nalo.

Ningeweza kukata matundu mawili kwenye bati na kugongomea waya wa kuku. Ni kazi ya alasiri moja. Nikaiona ya aibu. Nyumba yetu ya zamani ina madirisha ya mbao yenye vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, kimoja juu ya kingine, hata hewa hupita na aliye ndani humwona aliye kichochoroni bila yeye kuonekana. Nikataka kuku wapate madirisha hayo hayo, kwa udogo wao. Kazini niliomba paleti zilizovunjika, nikazibomoa, nikazileta nyumbani ubao mmoja mmoja chini ya kwapa.

Kila kibao nilikipiga msasa mpaka vidole vikaniwasha. Kibao kilichozidi wenzake kwa unene wa ukucha nilikitupa. Mamangu alikiokota akawashia jiko. "Haya," alikuwa akisema huku akipuliza, "leo tena nimepikia dirisha." Kaskazi ikapita nusu yake nami niko kwenye dirisha la kwanza. Kuku wakawa wanafunguliwa asubuhi na kulindwa na dada yangu mdogo kwa ufagio, paka wasije wakamnyakua mmoja, naye hakuacha kunikumbusha ni nani aliyempa kazi hiyo.

Aliyecheka kuliko wote ni ndugu yangu wa ziwa.

Huyu alizaliwa ng'ambo ya kichochoro, mwezi mmoja nami. Mamake aliugua baada ya kujifungua, na mamangu akatunyonyesha sote wawili. Kwa dini yetu, maziwa yale yalimfanya mtoto wa mamangu. Dada yangu hajifuniki mbele yake. Yeye huingia kwetu bila hodi, kama mimi. Lakini mimi sikunyonya kwao, na dada zake si dada zangu. Kwa hivyo miaka yote hii nimesimama kwenye mlango wao nikibisha hodi na kungoja wanawake wajisitiri, hali yeye huusukuma mlango wetu kwa goti na kuuliza kumepikwa nini. Sheria naijua na naikubali. Hata hivyo nimewahi kukaa kitandani nikipiga hesabu ya kitoto: yeye ana mama wawili, mimi nina nusu ya mmoja.

Kisha kuna ukoko. Mamangu akipika wali wa nazi, ukoko wa chini ya chungu, ule wa rangi ya dhahabu unaong'aa kwa tui, ni wa ndugu yangu. Hakuna aliyeipitisha amri hiyo. Udogoni yeye aliupenda, mimi nilikuwa mtoto wa kusema "Sitaki, umeungua," na mamangu akashika hivyo. Nilipoanza kuutamani nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kuona haya kuuomba. Nikawa natazama tu sahani ikipita mbele yangu.

Ndugu yangu ni dereva wa tuktuk. Huiegesha mdomoni mwa kichochoro, maana ndani haipiti, na kioo chake cha pembeni kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Taa moja huwaka akiipiga kofi. Ingekuwa yangu nisingelala. Yeye hulala, tuktuk huwaka, abiria hupanda, na watu humpenda. Ni hilo la mwisho lililokuwa likinichoma.

"Yakhe," alinambia jioni moja, akiwa amechutama kando yangu na hamri mkononi, "hawa kuku watakuwa supu kabla hujamaliza kuwapimia."

"Kazi nzuri haitaki haraka."

"Wala haitaki miaka. Mama, mwambie mwanao jogoo ameanza kuota mvi."

Mamangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilifanya hesabu nyingine: ni lini mimi nilimchekesha hivyo?

Hatimaye dirisha likaisha. Sasa hapa yafaa nieleze jambo moja la kiufundi, nalo si gumu. Vibao vya dirisha kama hili huinamia upande mmoja, na upande huo ndio unaokaa nje, ili maji ya mvua yateleze na kudondoka uani. Nami upande huo ndio nilioufanyia majaribio yangu yote. Ulikuwa na alama za penseli, gundi iliyovuja, na tundu za misumari niliyoipinda nikaing'oa. Upande wa pili ulikuwa laini kama shavu. Siku ya kulifunga nilisimama mahali wageni wa mamangu huketi, nikalitazama, nikaona haiwezekani mtu akaonyeshwa upande ule mbaya. Nikaligeuza. Uso mzuri ukatazama watu, na vibao vyote vikainamia ndani kwa kuku.

Ningemwagia kikombe kimoja cha maji ningejua. Sikumwaga, kwa kuogopa maji yataacha doa.

Lilibaki jambo moja lililonikera. Kwenye fremu palikuwa na kifundo cheusi cha mti, kama jicho, ambacho sikuweza kukikwepa. Nikahakikisha kimekaa juu, pembeni, chini ya kivuli cha bati. Kisha nikakaza skurubu na kumwita mamangu.

"Mashallah," akasema, akipitisha kiganja juu ya ubao. "Mashallah, mwanangu. Hawa sasa watataka na pazia."

Nilikuwa naanza kuvimba kwa furaha aliposukuma mlango yule ndugu yangu. Alisimama, akavua kofia, akalitazama dirisha kwa heshima ya uongo.

"Hili dirisha la Kizingo, la matajiri! Kuku wakianza kudai gari la kuwapeleka shule, nipigieni mimi."

Wote wakacheka. Dada yangu alilazimika kuweka chini karai la viazi. Sifa yangu ilikuwa imekaa hewani kwa muda wa pumzi moja tu, na sasa walichokuwa wakikifurahia ni mzaha wake. Chakula kilipopakuliwa, akapewa na ukoko.

Masika yakaingia. Mvua ya kwanza kubwa ilinikuta kazini. Kule Shimanzi malori yalisimama kwenye madimbwi, madereva wakajibanza ofisini kwetu, nami nikawa naandika namba za makontena huku moyo uko uani. Nilimpigia mamangu simu, hakushika. Akilini nikaona maji yakipenya kila kiungo nilichokitia gundi. Nilitoka mapema kwa kisingizio cha tumbo.

Nilipofika, sikusalimu hata. Nilifungua banda, nikaingiza mkono. Unga wa mbao tuliowatandikia kuku ulikuwa mkavu, wa moto, kama umemwagwa saa ile. Kuku wamejipanga juu ya mti wao wa kulalia, wananitazama kwa jicho moja moja.

Jikoni nilimkuta mamangu na ndugu yangu wa ziwa wakinywa chai. Kidimu, yule kuku wetu mwenye manyoya yaliyojikunja kinyume, alikuwa ndani ya kikapu karibu na jiko, amefungwa kipande cha leso.

"Huyu ana nini?"

"Mafua," akasema mamangu.

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na langu la kusema, na nililisema nikiwa nimesimama wima. "Mvua yote ile, na ndani hakuna hata tone. Mnaona sasa? Watu wanacheka mtu akipima, lakini kupima ndiko huku. Si kila kitu ni cha kufunga kwa mpira wa baiskeli."

Mamangu alipuliza makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri bila kupulizwa. Ndugu yangu alitazama ndani ya kikombe.

"Kweli, bwana fundi," akasema.

Hakutia mzaha wowote. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Lakini nilikuwa nimelewa. Niliipitisha siku ile na iliyofuata nikijiona mrefu, na nikaanza fremu ya dirisha la pili nikiimba.

Nilikigundua kifundo Jumamosi. Nilikuwa nawatilia kuku maji, jua limetoka, na nikaona jicho jeusi likinitazama kutoka pembe ya chini ya dirisha, kwenye mwanga, mahali ambapo nisingekiweka hata kwa kushikiwa bunduki. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nilichutama. Skurubu zilikuwa zangu, ila mitaro yake imekwaruzwa na bisibisi isiyolingana nayo. Nikaingiza kidole katikati ya vibao. Vilikuwa vimeinamia nje.

Mtu alikuwa amelifungua dirisha langu akalipindua, juu likawa chini. Basi. Kwa kulipindua tu, vibao vilianza kumwaga maji uani kama inavyotakiwa, na uso mzuri haukuondoka, bado ulikuwa unatazama watu. Mimi nilikuwa nimelilalia dirisha lile kaskazi nzima na sikuona kwamba lina njia hiyo.

Nilingoja mpaka adhuhuri, tulipokaa mkekani sote wanne. Sufuria ya mchuzi wa samaki iko katikati, ndugu yangu anasimulia habari ya abiria aliyepanda na mbuzi. Nikamkata.

"Ni nani aliyeligeuza dirisha?"

Dada yangu aliacha kutafuna.

Mamangu ndiye aliyejibu. "Maji yaliingia, mwanangu. Yalikuwa yakimiminika ndani kama mfereji. Unga wote ulikuwa uji. Kidimu manyoya yake hayazuii maji, nilimkuta ametota, ameanguka ubavu. Nduguyo alikuja kula, akaniona nalia, akaenda kuchukua bisibisi ya tuktuk, kisha tukamwaga unga mwingine."

"Mbona sikuambiwa?"

"Mimi nilimwambia Mama asikwambie," akasema ndugu yangu. "Nakujua wewe. Ungelivunja lote uanze upya, na kuku wangekaa gizani mpaka Ramadhani. Na ni dirisha zuri, yakhe. Lilikuwa limesimama vibaya tu."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniwasha. Akilini nilimwona mamangu na yeye wakiwa wamelowa mvuani, wanashikilia dirisha langu, wanaambiana mimi nisijue. Nilisikia tena majivuno yangu pale jikoni, na kimya chao cha kunisitiri. Wangalinicheka ningalivumilia. Walikuwa wamenihurumia pamoja, wawili, kama mama na mwanawe wanavyomhurumia mgeni.

"Nani alikuuliza?" nikasema. "Hili banda lakuhusu nini? Wewe si wa nyumba hii. Kwenu ni ng'ambo ya kichochoro."

Nililisikia neno hilo likitua. Sijui nilikuwa nalitarajia lifanye nini. Ndugu yangu aliangalia mkono wake uliokuwa na tonge, akalirudisha tonge sahanini. Aliinuka, akanawa, akajipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe badala ya taulo letu.

"Ahsante kwa chakula, Mama," akasema.

Maisha yake yote hakuwahi kushukuru kwa chakula cha mamangu. Mtoto hashukuru. Mlango ulifungwa taratibu.

Mamangu hakunikemea. Ningependa angefanya hivyo. Alikusanya vyombo, na tangu siku hiyo hakumtaja. Akawa anapakua chakula kwenye bakuli na kumpa dada yangu avuke nalo, na bakuli halikurudi. Alipopika tena wali wa nazi alikwangua chungu mpaka kikalia, akaweka ukoko wote kwenye sahani moja, akaniwekea mbele.

"Kula," akasema. "Wote wako."

Ulikuwa mzima, mviringo, umevunjika mara moja tu katikati. Nilikuwa nimeutamani tangu nijitambue. Nilimega kipande nikakitia mdomoni, kikakaa hapo kama kigae. Dada yangu alinitazama kisha akatazama pembeni. Nilikwenda kuwamwagia kuku uliobaki, na nao wakaugombania mbele ya dirisha langu zuri.

Wivu wangu ulikuwa umeshinda, na nyumba ikawa na sauti ya saa ya ukutani tu.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilikuwa uani nakaza fremu ya dirisha la pili. Mamangu alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko na ungo, akichagua mchele. Dada yangu alikuwa akianika nguo, kichwa wazi. Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi!"

Dada yangu alishtuka kwa sauti ya mwanamume akavuta leso kwenye kamba ajifunike. Kisha akaitambua sauti, na mkono ukamwishia njiani. Alibaki ameishika leso kifuani, hajui kama ajifunike au aiache. Uso wake ulikunjamana.

Nilimtazama mamangu aitike. Hakuitika. Vidole vyake viliendelea kutoa chuya.

"Hodi!"

Sisi tumefundishwa hivi: mtu hubisha hodi mara tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka, bila kinyongo. Yeye anajua hivyo. Mamangu anajua. Alikuwa ameusimamisha ungo sasa, ananitazama mimi, na macho yake hayakuwa makali. Alikuwa anangoja, kama mtu anayengoja kuona chombo kitavunjika au la. Nilielewa kwamba hatajibu yeye. Mlango niliufunga mimi.

Nilifikiria kusema karibu. Neno lilifika kwenye ulimi na nikaliona ubaya wake. Karibu huambiwa mgeni. Nikilisema, nimemkubalia ugeni niliompa, na kesho atakuja tena na hodi, na keshokutwa, mpaka iwe ndiyo desturi.

"Hodi," ikaja ya tatu, sauti ya chini.

Nikasikia kandambili zikigeuka kichochoroni.

"Ni nani huyo abishaye hodi kwao?" nikapiga kelele. Sauti ilinitoka mbaya, ya kukwaruza, hata kuku walitawanyika. "Mtu hubisha hodi kwa mamake?"

Kandambili zikasimama.

"Nimeambiwa kwetu ni ng'ambo," akajibu kutoka nje. "Watu wa ng'ambo hubisha."

"Aliyekwambia ni mjinga."

"Mjinga yupi? Wako wengi mtaa huu."

"Wa madirisha."

Kisha mlango ukasukumwa kwa goti. Mikono yake ilikuwa imejaa mabakuli ya mamangu, moja ndani ya jingine, na la juu lina maembe, maana bakuli la mtu halirudishwi tupu. Mamangu alipokea mabakuli, akayaweka chini, akampiga kofi la bega, kisha akalikamata bega hilo hilo asiliachie.

"Ulikuwa urudi kweli?" akamwuliza. "Ningoje mara ngapi?"

"Mama, hodi ni tatu. Dini hiyo."

"Dini gani, mpumbavu wewe! Kaa."

Dada yangu alikuwa ameshairudisha leso kwenye kamba.

Nilitaka kusema maneno niliyoyatengeneza siku zote zile, nikiyapiga msasa kitandani. Nilikuwa nayo mazuri. Hayakutoka. Nilimwambia, "Nisamehe," naye akasema, "Haya," na tukabaki tumesimama na fremu katikati yetu.

"Hebu shika huku," nikasema.

Tulilifunga dirisha la pili pamoja. Ningeweza kulipindua kama lile la kwanza, ila niliweka upande wenye gundi na misumari nje, mbele ya wageni, kama dirisha linavyotaka. Nalo lilikuwa na kifundo chake. Alinionyesha kwa bisibisi.

"Hiki nacho? Juu au chini?"

"Popote."

"Popote? Wewe?" Akamgeukia mamangu. "Mama, mwanao ana homa."

Mamangu akacheka, na nikaona wivu ukinyanyua kichwa, pale pale, kama kawaida yake. Haukuwa umekufa. Nilichukua kikombe cha maji nikavimwagia vibao vyote. Maji yaliteleza, yakadondoka uani, yakaacha doa.

Siku hizi hewa hupita bandani kutoka dirisha hata dirisha, na Kidimu anataga. Bado namwonea wivu ndugu yangu, hasa mamangu akicheka. Ukoko bado anapewa yeye, lakini siku hizi hunyoosha mkono nikaumega kwenye sahani yake bila kuomba. Yeye huingia bila hodi.